Kompenseta Analia Njaa

Usiku wa kuamkia mashindano, katika gereji moja jimboni Ohio, Marekani. Mwenye gereji amelala. Mezani ameacha mashine yake ya kujazia risasi, kopo la baruti, mizani, kitabu cha vipimo, na bastola ya milimita 9 aliyoifunga pambo jipya mdomoni: kompenseta, kile chuma chenye matundu kwa juu ambacho hutema gesi ya baruti kuelekea angani ili mtutu usiruke. Taa ikizimwa, meza huanza kusema.

KOMPENSETA: Jamani, njaa! Wiki ya tatu hii nanusishwa moshi tu. Siku ya kununuliwa nilipigwa picha kama bibi harusi, na sasa sina hata cha kutafuna.

BIBI 147: Tulia, mwanangu. Bwana alitaka bastola tulivu, akaniita mimi, risasi mzee. Greni 147, yaani gramu tisa na nusu hivi. Baruti kiduchu ya kuungua upesi inanitosha, naondoka zangu taratibu kwa futi 851 kwa sekunde. Ninavyosukuma mkono, utadhani mto wa sufi.

KOMPENSETA: Ndicho kinachoniua hicho! Baruti yako imekwisha ungua ukiwa bado ndani ya mtutu. Ukifika kwangu umebeba kikapu kitupu, unanipa salamu na kupita. Mimi sishibi salamu. Nikikosa gesi, kazi yangu ni uzito tu wa kuning'inia mdomoni.

BIBI 147: Huo uzito nao hupunguza mruko kidogo.

KOMPENSETA: Bibi, kwa uzito angefunga kokoto!

MZEE MIZANI: Msigombane kabla ya hesabu. Katika mashindano ya kulenga shabaha ya USPSA, uzito wa risasi kwa greni huzidishwa kwa kasi ya futi kwa sekunde, kisha hugawanywa kwa 1,000. Hicho ndicho kipimo cha nguvu. Kundi la Minor linataka 125, Major 165. Bibi akienda 851 anapata 125 na chenji. Wewe kijana je?

KIJANA 115: Shikamoo Mzee. Shikamoo Bibi. Mimi nina gramu saba na nusu tu, kwa hiyo mwili sina, sharti nikimbie: 1,087. Mdogo wangu wa greni 90 angetakiwa afike 1,389. Na kukimbia kote huko kunataka baruti nyingi.

KOPO LA BARUTI: Sema tena hapo, mwanangu. Si kwamba wepesi wako una baraka yoyote. Wewe ni kisingizio cha kuniunguza mimi kwa wingi. Nami siungui kwa pupa kama yule wa Bibi. Naungua polepole, najazwa zaidi, na risasi inapotoka mdomoni presha yangu bado ipo nyuma yake. Hiyo ndiyo karamu ya Kompenseta.

KOMPENSETA: (akimeza mate) Mleteni huyu kijana! Ila nina sharti moja, na wanawake wa pwani watanielewa, maana nao hawapendi kuosha sufuria lililoungulia. Msiniletee kichwa kilichopakwa rangi, wala kile ambacho koti lake la shaba limeacha makalio wazi. Gesi ya moto ikilamba risasi uchi, madini hunigandia matunduni na bwana hutumia Jumapili nzima kunikwangua. Nipeni chenye tundu puani, koti limefunika nyuma.

SPRINGI: Mmeongea wote, mimi nimo tumboni mwa bastola hakuna anayeniuliza. Gesi inapogonga kuta za huyu mlafi humvuta mbele, na slaidi wakati huohuo inataka kurudi nyuma. Ukiongeza na uzito wake, risasi dhaifu haziwezi kunibana, na ganda hukwama nusu mlangoni. Bwana analaani risasi, analaani fataki, analaani hata mvua. Kumnunua ndugu yangu laini zaidi, hataki.

GANDA: Mimi nimeokotwa chini mara sita. Sina la kusema.

BIBI 147: Lakini mnasahau aibu kubwa zaidi. Kabla ya pambo hili, bwana alishindana na wenzake wa kawaida. Alipolifunga tu, sheria ikampeleka daraja la Open, kwa majogoo. Kule wengi wanapiga Major. Ukigonga eneo A la karatasi wote mnapata 5, lakini ukigonga C mwenye Major anapata 4, bwana wetu 3. Ukigonga D, mwenzake 2, yeye 1.

KIJANA 115: Basi na sisi twende Major! Ni 1,435 tu!

KITABU CHA VIPIMO: (kikijifungua kwa hasira) Kaa chini! Major kwa milimita 9 inapita presha ya kawaida ya risasi hii. Wenye bastola zilizojengwa kwa kazi hiyo wana njia yao. Hii ni bastola ya kubeba kiunoni iliyovalishwa kofia ya sherehe. Anayeruka kurasa zangu asinitafute akiwa amefungwa bendeji.

MZEE MIZANI: Tubaki Minor. Kijana, ulipopimwa Julai ulikimbia ngapi?

KIJANA 115: 1,095, Mzee. 125.9! Bwana alicheza.

MZEE MIZANI: Alicheza kwenye joto la Julai. Kesho ni Oktoba, alfajiri ya baridi, na baruti nyingine hupoa pamoja na hewa. Nilimsihi, kwa jinsi chuma kinavyoweza kusihi, akusogeze hadi 1,131, kitabu kikiruhusu. Hapo ni 130, na hapo hata huyu mlafi angeshiba. Akaogopa teke.

KOMPENSETA: Teke gani? Mimi ndiye nakula teke! Mtu ananunua jiko kisha anaogopa kuni!

*

Asubuhi, uwanjani. Mwamuzi amechukua risasi 8 za bwana. Moja imeng'olewa kichwa kikapimwa. Tatu zimepigwa mbele ya kronografu, mashine ya kupima kasi ya risasi.

KRONOGRAFU: Uzito 115. Kasi 1,080. Jumla 124.2.

KIJANA 115: Baridi, Mheshimiwa! Nilitetemeka!

KRONOGRAFU: Mimi sisikilizi hadithi za hali ya hewa. Pigeni tatu nyingine, nichukue tatu zenye kasi zaidi kati ya sita.

Zikapigwa. Kompenseta akatema moto mzuri juu, watu wa pembeni wakaziba masikio.

KOMPENSETA: Aa! Leo angalau nimeonja!

KRONOGRAFU: Bado 1,080. Imebaki risasi moja. Ama ipigwe, ama ing'olewe ipimwe uzito. Bwana achague.

Bwana akachagua uzito, kwa imani kwamba kiwanda huenda kilimhurumia. Kichwa kikang'olewa, kikawekwa juu ya mizani ya uwanja, ambayo haina undugu na yeyote.

MIZANI YA UWANJA: 115.2.

KRONOGRAFU: 124.4. Chini ya Minor. Anaruhusiwa kuendelea kupiga mpaka jioni akitaka, alama hazihesabiwi. Anayefuata!