Nduma za Mama Mkwe

Anayetaka amani nyumbani afuge samaki peke yao. Samaki hana maneno: ukimlisha anakula, akifa unamzika chini ya mparachichi na watoto wanalia hadi saa ya katuni. Mimea ya tangi ndiyo inayoleta kesi, hasa hapa Eldoret, mji wa mahindi na ngano, ambapo kila mgeni anayekanyaga kwako ana shahada ya kilimo aliyoisomea kwa jembe.

Kesi yangu ilianza na kifurushi. Mimea niliiagiza Nairobi, ikaletwa na matatu ya usiku, imeviringishwa kwenye magazeti yaliyolowa. Safari ni kilomita 310 hivi, na njiani kuna Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hata abiria mwenye blanketi huanza kutubu. Kondakta alikuwa ameonywa kwamba mzigo haupendi baridi. Kwa huruma zake akauweka mbele, kando ya dereva, juu kabisa ya injini. Nilipoupokea alfajiri ulikuwa bado unatoa mvuke.

"Madam, mboga zako zimefika salama," akaniambia.

Hakudanganya. Zilikuwa zimebaki chumvi tu.

Iliyopona ilikuwa Anubias, Cryptocoryne kadhaa na fungu la Hygrophila, majani yake manene yamesimama wima. Nikaipanda tangini nikaketi kuitazama. Haikupita wiki, majani ya Cryptocoryne yakaanza kuwa ya kioo, kisha yakalainika, kisha yakawa uji. Mume wangu, ambaye huwa haoni hata sufuria iliyo mbele ya macho yake, hilo aliliona upesi. Jirani naye akaja, akachungulia, akatoa hukumu: "Umeuziwa feki."

Nilijaribu kueleza. Mingi ya mimea hii si ya majini hasa. Kwao ni kinamasi na kingo za mito, ambako mvua ikija inafunikwa na kiangazi kikija inabaki juu. Wanaoikuza kwa biashara, kama kampuni ya Tropica kule Denmark, huiotesha kwenye vibanda vya kioo, mizizi ikiwa majini na majani hewani, kwa sababu hewani inakua haraka na haishiki mwani. Sasa jani la hewani lina ngozi ya nta ya kulizuia lisikauke, na vitundu vidogo vya kupumulia. Ukilizamisha, vyote hivyo ni mzigo. Hewa ya kaboni husafiri ndani ya maji polepole mno, kama mara 10,000 kuliko hewani, kwa hiyo mmea unahitaji jani jepesi, laini, linaloweza kunyonya kwa mwili mzima. Yale ya zamani unayaacha yaoze na kutoa mapya. Ni kama mtu wa Mombasa aliyeshuka Eldoret mwezi wa Julai na shati la mikono mifupi: lazima alivue akatafute koti la mtumba, na kabla hajalipata, atatetemeka mbele za watu.

"Kwa hivyo sasa yako uchi," mume wangu akasema, akarudi kwenye mpira.

Nikaamua kufanya kama Wadenmark. Nusu ya mimea niliihamishia kwenye beseni kwenye veranda: udongo, maji yanayofika shingoni mwa mizizi, na nailoni nyeupe juu, imefungwa kwa mpira wa kufungia mizigo. Nailoni ni lazima. Upepo wa Januari wa huku unakausha nguo za jinzi kabla ya chakula cha mchana, sembuse jani lililozoea unyevu. Na usiku baridi inashuka, maana tuko mita 2,100 hivi na mimea hii wazee wake ni wa nchi za joto, kwa hiyo kila jioni beseni liliingizwa ndani na kila asubuhi likatolewa.

Hebu fikiria hayo yanavyoonekana kwa wapangaji wenzako. Mwanamke anabeba beseni lililofunikwa, kwa uangalifu, giza likiingia. Anafungua kidogo, ananusa, anafunika. Ndani kuna matone ya mvuke. Siku moja keiteka akapanda ngazi eti kuangalia bomba. Aliangalia bomba kwa muda mfupi, beseni kwa muda mrefu, akaondoka akiwa amevunjika moyo kabisa kwamba haikuwa chang'aa.

Ndipo mama mkwe akaja kutoka Nandi, na kibuyu chake cha mursik. Hakuwa amemaliza hata kikombe cha kwanza cha chai alipoliona beseni.

"Mwanangu, mbona mmefungia nduma?"

Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba si nduma, ni Anubias. Akanitazama kwa huruma, kama atakayemwombea mwanawe baadaye. Nami hapo lazima niseme ukweli wa kitaalamu: alikuwa sahihi kuliko mimi. Anubias, Cryptocoryne na nduma ni ukoo mmoja, wote wana zile fuwele zinazowasha koo ukila mbichi, na nduma wenyewe ni mabingwa wa kukaa na miguu majini na kichwa hewani. Mimi nilihitaji vitabu. Yeye alihitaji kuinama kidogo.

Tatizo ni kwamba, kwa kuwa ni nduma, na ni ndogo, zina njaa. Nilipotoka kazini kesho yake nailoni ilikuwa imeondolewa "zipate hewa", na beseni limetiwa mbolea ya DAP iliyobaki ya kupandia mahindi. Nikasema, "Asante, mama." Mke wa mtu atasema nini tena?

"Na zile za ndani pia nimezikumbuka," akajibu.

DAP ya kawaida imeandikwa 18-46-0 kwenye gunia. Hiyo 18 ni naitrojeni iliyo katika amonia, na samaki na amonia hawapatani. Niliwakuta wote juu ya maji wakifungua na kufunga midomo. Nikawahamishia kwenye karai, karai likakaa bafuni, na familia nzima ikaoga jikoni hadi nilipomaliza kubadilisha maji. Siku zilizofuata tangi likageuka kijani, kioo hakionyeshi kitu. Anubias peke yake haikujali. Mwaustria Schott, aliyeupa mmea huu jina mwaka wa 1857, alimfikiria Anubis, mungu wa wafu wa Wamisri, kwa vile unapenda kivuli. Nadhani mmea umeshamzoea mwenye jina lake, kifo hakiutishi.

Mama mkwe alipoondoka alijikatia Hygrophila ya kutosha. Jioni akapiga simu: ataipanda mtoni, inapendeza. Damu ikanikimbia. Gugumaji nalo lililetwa kwa sababu lina ua zuri, kutoka Amerika Kusini, na wavuvi wa Ziwa Victoria bado wanalisukuma kwa mashua tangu miaka ya 1990. Nilizunguka sebuleni nikitafuta maneno ambayo mkaza mwana anaweza kumwambia mama mkwe kuhusu viumbe vamizi. Nikampa mume wangu simu. Akanirudishia.

Asubuhi nikajikaza, nikapiga. "Mama, yale majani ya mtoni..."

"Hayakufika mtoni," akasema. "Niliyaweka kwa ndoo hapo boma, ng'ombe akayamaliza yote. Maziwa ya leo ni mazuri sana. Hebu nitumie gunia."