Kinanda Kinajua Bayati, Pajulu Hakijui

Adungu, kinubi cha kwetu, haina kitabu cha maelekezo. Ina ngozi, nyuzi za nailoni zile zile za wavuvi, vigingi vya mbao na mzee mmoja mwenye sikio. Kinanda cha umeme huja na kitabu, ila cha kwaya yetu hapa Pajulu kilinunuliwa mtumba, na kitabu kikabaki huko kilikotoka.

Vita vilianza kwenye noti ya tatu. Kinanda kimeigawa oktavu hatua kumi na mbili zilizo sawa, kila moja senti 100, na A ya katikati kikaikita kwenye hezi 440. Mzee hana habari na 440. Noti ya tatu anaitaka chini kidogo ya pale kinanda kinapoiweka, na hao wawili wakipiga pamoja wimbo unatetema kama bati lililong'oka msumari.

Mpiga kinanda wetu, kijana tunayemwita Mwalimu kwa kuwa ndiye pekee anayethubutu kugusa vitufe vidogo, akasema dawa iko ndani ya menyu. Akapekua, akakuta skeli za Kiarabu. Waliokiunda walikumbuka Rast na Bayati, maqam ambazo wapiga taarab wa Unguja wanazifahamu tangu enzi kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kinaanzishwa mwaka 1905. Sisi Walugbara hatukukumbukwa. Mwalimu akachagua Bayati, eti angalau Waarabu wako karibu kuliko Wazungu. Jumapili tukaimba wimbo wa kuingilia. Jirani yetu Mnubi, anayepita na baiskeli yake kila asubuhi, alisimama chini ya dirisha, akavua kofia, akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza kama tumeanza kusoma maulidi.

Basi Mzee akaletewa kiti kando ya kinanda. Kumbe kila noti inaweza kushushwa peke yake, senti moja moja.

"Shusha, mjukuu wangu."

"Tayari, Mzee."

"Shusha tena. Aa, umepitiliza. Rudi."

Walimaliza giza likiingia, na kwa kweli ilipendeza. Ila mbu nao walikuwa wameshiba.

Likabaki suala la mguso. Chini ya kila kitufe mna swichi mbili. Kinanda hupima muda unaopita kutoka ya kwanza hadi ya pili, na kadiri muda unavyokuwa mfupi ndivyo sauti inavyokuwa kubwa. Mwalimu siku za kazi anafyatua matofali, na vidole vyake havijui kama ni Jumapili. Mchungaji akaagiza kiwekwe "laini". Kikawekwa. Sasa, kwa kinanda, laini maana yake ni kwamba hata ukigusa kidogo tu unapata sauti yote. Ilipofika sala ya toba, kina mama wa mstari wa mbele waliruka, na mmoja akatubu kwa sauti mambo ambayo nadhani alikusudia kuyanong'ona. Kumbe kinachopoza ni chaguo la "ngumu". Hilo mpaka leo Mchungaji hakubali, anaona anadanganywa.

Tulikuwa tumeshayaweka yote sawa pale umeme ulipokatika katikati ya wimbo wa sadaka. Ukarudi papo hapo, kinanda kikawaka kikiwa kimesahau kila kitu: noti ya tatu imepanda ilikozaliwa, mguso umerudi wa kiwandani. Adungu ikaendelea na ya kwake. Waumini wakagawanyika, upande wa kulia na Mzee, upande wa kushoto na Mwalimu, na mshika kikapu katikati hajui atembee kwa mwendo upi. Mzee hakugeuza hata shingo. Alikaza kigingi kimoja, akaongeza sauti.

Kamati ikapitisha betri, zile kubwa, ili kinanda kisizimike tena. Jumapili iliyopita Mwalimu alibonyeza kitufe cha kuwasha mara tatu bila majibu. Akafungua mfuniko wa chini: patupu. Usiku wa kuamkia Jumapili hiyo wengi wetu tulikuwa tumesifu jinsi tochi ya mlinzi inavyomulika mpaka ng'ambo ya barabara.