Sifa za Saa za Eneo

Katika mambo yanayowakosesha usingizi waunda tovuti, hakuna lililosingiziwa kama saa za eneo. Zinastahili kusifiwa, hasa Migwani, kati ya Kitui na Mwingi, ambako jua huchomoza saa kumi na mbili na ushei mwaka mzima na saa haisogezwi kwa majira.

Fadhila yake kuu ni kuwaongezea watu umri. Hifadhidata aliyoianzisha Arthur David Olson, inayotegemewa na kompyuta nyingi duniani, inakumbuka kwamba Nairobi haikuwa saa tatu mbele ya UTC, saa ya rejea ya dunia, siku zote. Mwaka 1908 ilikuwa saa mbili na nusu, 1928 ikawa tatu, 1930 ikarudi mbili na nusu, kisha kuanzia 1937 hadi Julai 1942 ikawa saa mbili na dakika 45. Basi mzee wa Migwani aandikishwe kuwa alizaliwa 1 Januari 1940. Mfumo mmoja uihifadhi tarehe hiyo kama saa sita usiku, ukitoa saa tatu kamili. Mwingine uisome kwa jina la eneo katika hifadhidata hiyo, Africa/Nairobi. Mzee huyo atakuwa amezaliwa 31 Desemba 1939, dakika 15 kabla ya mwaka mpya. Robo saa ya wakoloni imempa mwaka mzima, bila kiapo wala muhuri wa chifu. Tarehe ikihifadhiwa tupu, bila saa, anapunjwa zawadi hiyo.

Wabahili nao hawakusahauliwa. Kamati ya harusi ikikutana mtandaoni saa tatu usiku, Boston ni saa saba mchana. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi, saa za huko zikisogezwa mbele, ni saa nane. Programu iliyokariri tofauti ya saa badala ya jina America/New_York humwita mjomba aliye Boston saa nzima mapema. Mjomba hukuta hakuna mtu, akaondoka na mchango wake, na ushahidi anao. (Bado mtumiaji aliyejaza “3:00” kwa hesabu ya Kiswahili, akaitisha kikao alfajiri.)

Novemba, saa zinaporudishwa, saa saba na nusu usiku hupita Boston mara mbili, na malipo yaliyopangwa wakati huo yaweza kukatwa mara mbili. Machi, saa nane na nusu usiku haipo kabisa. Mtaalamu anayejaribu kazi yake kwa saa za Kenya pekee haoni lolote kati ya hayo: majaribio yote hufaulu, naye hulala.