Jinsi ya Kuwa Msumbufu wa Stoo ya Maabara Mpakani

Ukikabidhiwa stoo ya maabara popote kati ya Busia na Malaba, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, jambo la kwanza ni kuacha upole. Upole mwekee mgonjwa. Stoo inataka mtu msumbufu, yule ambaye akipiga simu ofisi ya kaunti watu wanatazamana, maana wanajua ameshika kadi ya stoo mkononi na hatakata mpaka ajibiwe.

Anza usumbufu kwenye hesabu. Mwezi umekwisha na daftari linasema umetumia vipimo 120 vya haraka vya HIV. Usikubali upesi. Uliza stoo ilikaa tupu siku ngapi. Kama ni 12, basi hivyo 120 viliisha kwa siku 18, na mwezi mzima ulihitaji 200. Sasa agiza akiba ya miezi 3: 200 mara 3, toa 150 vilivyoingia mwishoni mwa mwezi, unapata 450. Mwenzako asiyejali zile siku 12 ataandika 210. Stoo yake itakauka mapema zaidi, daftari litaonyesha matumizi madogo zaidi, naye ataagiza kidogo kuliko mwanzo. Ndivyo kituo kinavyojinyima vipimo kwa mkono wake, fomu zote zikiwa zimejazwa vizuri na kupigwa muhuri.

Halafu wasumbue wapangaji kuhusu wapita njia. Malaba kuna dereva wa trela aliyetoka Mombasa, amekwama kwenye foleni, dawa zake za ARV zinaisha kesho. Busia kuna mama anayelala upande wa Uganda na kuuza samaki upande wa Kenya, na kliniki anaenda palipo karibu na meza yake. Wote wanachomwa kidole kwa vipimo vyako. Waandike kila siku, wageni kwa wenyeji, idadi yao iingie kwenye agizo. Mwaka 2020, madereva walipolazimika kupimwa Korona kabla ya kuvuka, kila mtu hapa aliona majibu ya maabara yakichelewa malori yanavyopangana kilomita kwa kilomita. Anayechelewa kujua kiwango chake cha virusi vya HIV haonekani barabarani, lakini naye amekwama, pengine akimeza dawa ambazo hazimfai tena.

Mzigo ukifika, usitie sahihi kabla ya kufungua maboksi. Dereva atanuna, mpe kiti na maji ya kunywa, uendelee kuhesabu. Kama kuna vipimo vya HIV vya Determine, tafuta ile chupa ndogo ya kimiminika. Damu ya kidole huitaka baada ya kudondoshwa kwenye ukanda, na ikikosekana una rafu iliyojaa vipimo usivyoweza kutumia. Soma tarehe za kuisha muda: vinavyoisha kwanza vikae mbele, hata kama vililetwa leo. Ukiona vingine vitaisha kabla hujavimaliza, piga simu hospitali ya Kocholia au kituo chochote chenye upungufu, wavichukue mapema, kwa maandishi.

Damu ya kupima kiwango cha virusi nayo husafiri kwenda maabara ya taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, pale Alupe, kando ya barabara ya Busia–Malaba. Ni karibu, ila karibu haisaidii kama chupa zinamngoja mwendesha bodaboda hadi kesho kutwa. Damu ya kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau inapaswa kuzungushwa kwenye mashine na kutenganishwa ndani ya saa 24. Jua saa anayoondoka huyo kijana, na barafu zake ziwe zimegandishwa tangu jana.

Kadi ya damu ya kumpima mtoto mchanga HIV ndiyo ya kusumbukia kuliko zote. Mtoto wa wiki 6 anachomwa kisigino, matone yanajaa miduara, kadi inaachwa ikauke pasipo jua, haiguswi, haipangwi juu ya nyingine. Inafungwa pamoja na vipakiti vya kufyonza unyevu na kikadi kidogo cha kuonya. Kikadi kikigeuka kutoka buluu kuwa waridi, unyevu umeingia, badilisha vipakiti. Kipakiti ni kitu kidogo mno, ndiyo maana husahaulika kwenye agizo. Lakini mtoto aliyezaliwa na virusi asipotibiwa, uwezekano wa kufa kabla ya miaka 2 ni kama nusu kwa nusu. Mimi ningeagiza vipakiti kwanza.

Mwisho, usumbufu wako uvuke lango la hospitali. Mwaka 2021 dawa za ARV zilizotolewa na Marekani zilikwama bandarini Mombasa kwa mvutano wa ushuru. Tarehe 20 Januari 2025 misaada ya Marekani ilisimamishwa kwa siku 90, na Julai shirika lake la misaada, USAID, likafungwa. Kwa hiyo kaunti ikiitisha kikao cha wananchi kuhusu bajeti, nenda mapema ukakae mbele. Uliza fedha za vitendanishi vya maabara ziko ukurasa gani. Wakikuambia zimo ndani ya vifaa vya matibabu, omba zitenganishwe, ziandikwe ni shilingi ngapi na zitatoka mwezi gani, kisha usiketi mpaka karani aingize swali lako na jibu lao kwenye kumbukumbu za kikao.