Mke wa Kwenye Shukrani

Wenyeji wa Mabogini tumezoea kuulizwa. Ukiwa na mpunga, mifereji na barabara fupi ya kutoka mjini Moshi, watafiti huwakosi. Tangu Mradi wa Umwagiliaji wa Lower Moshi ukamilike mwaka 1987 kwa fedha za mkopo kutoka Japani, hapa wamepita Wajapani wenyewe, wamepita wa chuo cha Sokoine kutoka Morogoro, na siku hizi wanapita watoto wa vyuo vya hapa hapa: Ushirika, KCMC, Mwenge, Stefano Moshi. Kila mmoja na begi lake mgongoni, kila mmoja na dodoso lake mkononi. Ziko nyumba huku ambazo mbwa hambwekei tena mtu aliyeshika karatasi.

Kuulizwa sikatai. Ninachokataa ni kuulizwa maswali ya watu wengine.

Msimu uliopita alinijia kijana mmoja wa mwaka wa tatu. Chuo chake sikitaji, maana nina mpwa anayesubiri matokeo. Alikuja na adabu zote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba baba, karibu kiti."

Akakaa chini ya mwembe, akanywa maji, akatoa dodoso. Swali la kwanza jina, la pili umri, la tatu hali ya ndoa. Hadi hapo hatukuwa na ugomvi. Kufika katikati akauliza: "Je, kupungua kwa maji ya Mto Ruaha Mkuu kumeathiri vipi kilimo chako cha mpunga?"

Nikamwomba arudie. Akarudia, tena kwa sauti ya kujiamini zaidi.

"Baba, Ruaha Mkuu uko kule Mbeya na Iringa. Sisi hapa tunamwagilia kwa maji ya Njoro na Rau."

Akatazama karatasi, akanitazama mimi, akatazama tena karatasi. "Mzee, wewe jibu tu kwa makadirio."

Kumbe dodoso lile lilikuwa la mtu aliyewahoji wakulima wa Mbarali. Huyu wangu aliiamuru kompyuta, kila penye Mbarali iweke Mabogini, na kompyuta ni mtiifu, ikaweka. Mto haukutajwa kwenye amri, ukabaki. Nikakadiria, nifanyeje? Mtoto wa mwenzio ni wako.

Miezi ikapita, akarudi na ripoti yake imefungwa vizuri, jalada la bluu, maandishi ya dhahabu, kuja kunishukuru. Nikafungua ukurasa wa shukrani nione kama jina langu limo. Halimo. Kilichomo, kwa Kiingereza kilichonyooka, ni kwamba mtafiti anamshukuru Mungu, anamshukuru supavaiza, kisha anamshukuru mke wake mpenzi na watoto wao watatu kwa uvumilivu wao wote wakati yeye yuko mbali na familia. Kijana ana miaka 22. Nguo zake bado anafua mama yake, Kiboriloni. Jirani yangu Mpare, ambaye haki ya mtu huifuatilia mpaka Mahakama ya Rufani, aliposimuliwa hakucheka hata kidogo. Aliuliza tu: "Sasa huyo mke matunzo anapata kwa nani?"

Mke tunaweza kumsamehe, hana madhara. Wenye madhara ni maji. Mradi wetu ulipangwa uhudumie hekta kama 2,300, na kati ya hizo 1,100 ndizo za mpunga. Mpunga ukakubali kweli kweli, na ukikubali kwa jirani kila mtu anautaka. Watu wa juu ya mifereji nao wakafungua majaruba yao, maji yakawa yanaishia njiani, na huku chini tukabaki kugombea zamu. Hilo kila mkulima wa Mabogini analijua, hata yule asiyejua kusoma. Lakini ripoti ya kijana wangu inasema hekta zote 1,100 zinapata maji ya kutosha mwaka mzima. Maneno hayo kayatoa wapi? Kwa mwenzake wa miaka ya nyuma, naye kayatoa kwa mwenzake, na huyo wa mwisho kanakili mipango ya mradi kabla tope halijakauka kwenye mifereji. Kwa hiyo ziko Mabogini mbili. Ya kwenye karatasi inafurika maji. Ya kwangu ina tope lililopasuka na mkulima aliyelala mferejini na tochi. Siku tukienda ofisini kulia njaa ya maji, tunaletewa ile ya karatasi: "Mbona utafiti unaonyesha ninyi mko vizuri?"

Mjini ziko steshenari zinazofanya biashara hii mchana kweupe. Ukutani wameandika "tunachapa, tunafunga, tunatoa kopi", na ukisogea karibu unanong'onezwa kwamba hata ripoti ya fildi ipo, iliyoiva, unabadilisha jina na jalada. Mteja haulizwi anasomea nini. Anaulizwa anataka lini.

Vyuo navyo vikaleta programu za kukamata wezi wa maandishi, iliyo maarufu ikiwa Turnitin. Hiyo huilinganisha kazi yako na kurasa za intaneti, majarida na kazi zilizokwisha kuwasilishwa, kisha inakutajia asilimia ya mfanano. Haisemi umeiba, inasema umefanana. Kuamua ni kazi ya mwalimu. Sasa mwanafunzi anayeihofia asilimia hakimbilii kusoma. Anakimbilia programu nyingine ya kubadilisha maneno ili ile ya kwanza imsahau. Mwaka 2021 Guillaume Cabanac wa Toulouse, Ufaransa, na wenzake walizianika makala za kisayansi zilizopita kwenye mashine za namna hiyo. Akili mnemba ilikuwa imegeuzwa kuwa fahamu za bandia, na saratani ya matiti imekuwa balaa la kifua. Na hizo zilichapishwa kwenye majarida, si ripoti za fildi. Mgonjwa wa hospitali ya KCMC akiambiwa ana balaa la kifua, atatafuta daktari au mganga?

Kisha ikaja akili mnemba yenyewe. Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022, wengine hata mwenzao wa kumnakili hawamtafuti tena. Wanauliza simu, simu inajibu kwa ufasaha, na ukitaka marejeo inakuletea mwandishi, mwaka na ukurasa. Shida ni kwamba kitabu chenyewe huenda hakijaandikwa na mtu yeyote chini ya jua. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York walipeleka mahakamani kesi za mfano walizopewa na chombo hicho. Kesi hazikuwahi kuwepo. Jaji akawatoza wao na ofisi yao faini ya dola 5,000. Kama wakili mzima na suti yake hakufungua kitabu kuhakikisha, huyu wangu wa Kiboriloni nimlaumu kwa ukali gani?

Wala tusijione sisi ndio tuliouvumbua ugonjwa. Waziri wa Ulinzi wa Ujerumani, Karl-Theodor zu Guttenberg, alivuliwa udaktari mwaka 2011 baada ya tasnifu yake kukutwa imejaa maandishi ya watu, akajiuzulu. Na jirani zetu wa Kenya wana vijana wengi wenye digrii wanaoishi kwa kuwaandikia kazi wanafunzi wa Uingereza na Marekani, mpaka England ikatunga sheria mwaka 2022 ya kupiga marufuku kuuza kazi hizo. Mtoto wa Mzungu anapata alama, kijana wa Nairobi anapata kodi ya nyumba, na elimu haimpati yeyote.

Lakini ukali wangu wote nisiumalizie kwa watoto. Tuliwafundisha nani kama si sisi? Shule ya msingi wananakili ubaoni, na anayenakili bila kukosea ndiye anayepigiwa makofi. Sekondari wanakariri. Chuoni wanapewa madesa ambayo mhadhiri mwenyewe aliyapokea akiwa mwanafunzi, karatasi zimegeuka rangi ya manjano. Halafu mwanafunzi huyo huyo anaambiwa atafiti majaruba ya Mabogini, ahoji kwa Kiswahili, aandike kwa Kiingereza asichokiota hata usingizini. Lazima aazime sentensi. Somo la kutafuta na kupima taarifa analipata ile wiki ya kwanza, anapotembezwa maktaba, siku ambayo akili yake yote iko kwenye bumu na chumba cha kupanga. Baada ya hapo maktaba anaikumbuka kwa soketi za kuchajia simu.

Na kupima taarifa si sayansi ya roketi. Mwambie mama wa hapa Mabogini kwamba bei ya gunia la mpunga imepanda, uone. Hatakimbia kuuza. Atakuuliza nani kakwambia, kaipata soko gani, ni bei ya jana au ya wiki jana, na huyo aliyekwambia ana mzigo wake anautafutia mteja au hana. Maswali manne tu, na hajawahi kukanyaga maktaba. Kijana wangu angeiuliza ripoti aliyoinakili hayo manne, Ruaha Mkuu usingefika chini ya mwembe wangu.

Kwa hiyo wahadhiri, msiwatume tu kwenye programu ya asilimia. Muulizeni mwanafunzi alimhoji nani, walikaa wapi, na mfereji aliuona una maji au hauna. Asiyefika atajulikana kabla hajamaliza kujikuna. Nanyi wanafunzi, daladala za huku zipo kutwa na nauli haizidi gharama ya kufunga ripoti. Njoo na maswali yako mwenyewe, hata yawe machache. Andika tulichokujibu, taja aliyekwambia na lini alikwambia, na usichokijua sema hukijui. Digrii inaweza kuchelewa muhula mmoja, lakini itakuwa yako.