Shikamoo, Bibi Aletta

Utrecht, Uholanzi

Baba na Mama, na wengine wote hapo nyumbani Keko Machungwa,

Juzi nilikwenda hospitali kutoa damu. Mishipa yangu mnaijua: huko nyumbani manesi walikuwa wakiupiga mkono makofi mpaka watu wanadhani tunagombana. Safari hii nikaulizwa kama nitashiriki majaribio ya roboti. Nikaitikia kabla sijaelewa swali; Kiholanzi changu ndivyo kilivyo.

Nikakuta kiti na mashine, na dada mmoja pembeni anasimamia. Sindano siiogopi. Kilichonitisha ni kukosa mtu wa kumbembeleza. Nesi unamwambia "subiri kidogo, dada yangu", anakupigia stori ya mvua, ukija kushtuka kichupa kimejaa. Hii utaiambia nini? Inaitwa Aletta. Kampuni ya Vitestro, ya hapa hapa Utrecht, imeipa jina la Aletta Jacobs, mwanamke wa kwanza Uholanzi kuwa daktari, tangu miaka ya 1870. Nikaona kwa mtu mzima kiasi hicho siwezi kukaa kimya. Nikasema shikamoo. Ikanibana mkono.

Sasa Baba, hapa nakusimulia wewe fundi. Mkono unaulaza kama kwenye kochi. Inaumulika kwa mwanga usioonekana kwa macho, inatafuta mshipa. Weusi wangu haukuisumbua. Halafu altrasaundi, ile ile ya wajawazito, inapima mshipa umelala chini kiasi gani. Ndipo sindano inashuka, bila papara, kama wewe unavyopima mara tatu ndiyo ukate mninga. Ikapata mara moja. Ikajaza vichupa, ikachomoa, ikabandika plasta.

Haya yote alinieleza yule dada baadaye. Mimi nilikuwa nimefumba macho.

Mjomba anauliza kwa WhatsApp kama mashine hiyo inaweza kutofautisha mtu na papai, maana hajasahau mwaka 2020, Rais Magufuli alipotutangazia kwamba sampuli ya papai imekutwa na korona. Mwambieni papai halina mshipa, Aletta angelirudisha sokoni.

Na Mama Mdogo aache kuulizia mkojo. Aletta ni wa damu tu. Kikopo huku bado unajaza mwenyewe, na koridoni unapita nacho umekificha ndani ya koti, unasalimia watu kwa mkono mmoja.