Ukitaka Kujiita Black Widow, Fanya Haya

Kijana wa bodaboda, umeamua pikipiki yako iandikwe BLACK WIDOW. Jina ni zuri, lakini lina mwenyewe, na mwenyewe ana taratibu zake.

Anza na rangi. Natasha Romanoff wa Marvel, jasusi aliyeingia kwenye katuni mwaka 1964 na kupewa filamu yake mwaka 2021, amekuzoesha nguo nyeusi za kubana. Lakini black widow pia ni jina la buibui wa jenasi Latrodectus, na mmoja wao anayepatikana Afrika, Latrodectus geometricus, ni wa kahawia, na tumboni ana alama ya rangi ya chungwa. Usinunue rangi nyeusi. Ikifika Julai, vumbi la Dodoma litakupakia inayofaa, bure.

Kisha tafuta makazi. Jike hakai ghorofani. Anapenda chini ya ukingo wa ndoo iliyosahaulika, nyuma ya tangi la maji, ndani ya rundo la matofali, na tangu serikali ihamie huku, Iyumbu na Nkuhungu matofali hayajakosekana. Mayai yake huyaweka kwenye vifuko vyenye miiba midogo kama mbigili. Ukiviona, umefika nyumbani kwake.

Ukishahamia, tulia. Hapa wengi hushindwa, maana buibui huyu hamkimbizi mtu wala hagombei abiria. Akiguswa hujikunja na kudondoka kama aliyekufa. Huuma anapobanwa kwenye ngozi: mguu ukiingia kiatuni, mkono ukiinua tofali. Sumu yake hushambulia mishipa ya fahamu, ingawa kwa kawaida maumivu huishia pale alipouma. Aliyeumwa aoshe kwa maji na sabuni, aweke kitu cha baridi. Wembe usimguse, kamba isifungwe. Maumivu yakisambaa, misuli ikikaza au jasho likimtoka, na hasa akiwa mtoto, apelekwe hospitali upesi.

Kuhusu mume anayeliwa, usimsingizie jike. Katika spishi hii dume mwenyewe, wakati wa kujamiiana, hupinduka na kuuweka mwili wake mdomoni mwa mwenzake. Hakuna njama wala bima ya maisha. Na katika spishi nyingi za jenasi hiyo, mara nyingi dume huondoka salama.

Ndiyo maana naumia magazeti yanapompachika jina hili mwanamke anayetuhumiwa kuua. Mwaka 2013, Interpol ilipotoa ilani ya kumsaka Mwingereza Samantha Lewthwaite, mtuhumiwa wa ugaidi, kwa ombi la Kenya, vyombo vya habari vilikuwa vimeshamwita White Widow, kwa kuwa mumewe alikuwa mmoja wa walipuaji wa London wa Julai 2005. Tuhuma ni za kujibiwa mahakamani. Lakini huo ujane, maana widow ni mjane, uliingiaje kwenye mashtaka? Wajane wa kwetu wanapalilia zabibu Hombolo, wanauza karanga Majengo, wanasomesha watoto, na bado wapo wanaonyang'anywa nyumba matanga hayajaisha. Kulifanya jina lao liwe la muuaji ni kuwaongezea mzigo.

Basi mhariri, mtuhumiwa ana jina alilopewa na wazazi wake, andika hilo. Nawe wa bodaboda, andika unachotaka kwenye pikipiki, ila kung'uta viatu kila asubuhi kabla ya kuvaa, na uwakataze watoto kutia mikono kwenye rundo la matofali.